Hori ya chini ya farasi: kuichagua, kuipima na kuijenga kwenye kona ya banda

Farasi anayefugwa Nairobi, Limuru au Naivasha kwa kawaida huingizwa bandani kabla jua halijazama. Sababu moja kubwa ni visubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu vinavyobeba virusi vya maradhi ya farasi wa Afrika. Vidudu hivyo huanza kuuma magharibi na kuendelea mpaka alfajiri. Mnyama anayeingia saa 11 jioni na kutoka saa 1 asubuhi amekaa ndani saa 14, tena mwaka mzima, maana usiku wa huku hauna msimu wa kufupika. Muda wote huo chakula chake ni hei, yaani nyasi zilizokaushwa, aliyowekewa, na mahali ilipowekwa hiyo hei ni jambo kubwa kuliko wenye farasi wengi wanavyodhani.

Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, lita 8 hadi 15 hivi, na hutoa asidi saa zote, awe anakula au hali. Akiwa malishoni hutafuna saa 14 hadi 18 kwa siku, kichwa kikiwa chini. Akiinama, kohozi na vumbi vilivyoingia kwenye koromeo hutiririka na kutoka puani. Akilazimishwa kukaa na kichwa juu kwa saa nyingi, uchafu huo hurudi mapafuni, na ndiyo maana farasi waliofungwa vichwa juu safarini huwa hatarini kupata homa ya mapafu. Taya nalo lina habari yake: farasi akiinamisha kichwa, taya la chini husogea mbele kidogo na magego hukutana inavyopasa. Wavu wa hei uliotundikwa juu unampa kinyume cha hayo yote, na juu yake unamwagia vumbi na mbegu za nyasi machoni.

Kwa hiyo chakula kiwe chini. Lakini kumwaga hei sakafuni tu kuna hasara zake. Hei ya nyasi za Boma Rhodes ikichanganyika na maranda ya kulalia, mkojo na samadi, nusu yake inaishia kwenye toroli la taka. Farasi anayeokota chakula kwenye samadi humeza mayai ya minyoo, na anayeokota kwenye sakafu ya mchanga humeza mchanga, ambao hujikusanya matumboni na kumletea koliki, yaani maumivu makali ya tumbo. Hori ya chini inatenga chakula na uchafu bila kukiinua.

Kwanza: je, unaihitaji?

Kabla hujamwita fundi, tazama banda asubuhi kabla saisi, yaani mtunza farasi, hajalisafisha. Wapo farasi wanaokula kwa adabu: wanamaliza rundo lao kona ileile, hawalikanyagi, hawalikojolei. Kama farasi wako ni wa namna hiyo na sakafu yake ni saruji safi au mkeka wa mpira, fagia maranda kwenye kona moja, weka hei hapo, na pesa za mbao zinunulie hei nzuri zaidi. Sisemi hivyo kwa mzaha. Hori mbovu ni mbaya kuliko kukosa hori.

Jike mwenye mtoto naye asiwekewe hori ya kona. Mtoto wa farasi huruka, huchungulia, huingiza miguu kila mahali, na siku moja ataingia mzima mzima. Rundo kwenye mkeka safi linamtosha mama mpaka mtoto aachishwe. Farasi mzee mwenye maumivu ya shingo au magoti, asiyeweza kuinama vizuri, atafutiwe kimo anachokimudu, hata kama ni juu kidogo ya ardhi.

Kimo: juu kabisa au chini kabisa

Likumbuke hili kuliko mengine yote yaliyomo humu. Farasi ana tabia ya kukwangua kwa mguu wa mbele anapokula au anapongoja chakula. Mguu huo lazima ama usiweze kuingia ndani ya hori, ama uingie na kutoka bila shida. Hori yenye ukingo wa sentimita 30 au pungufu inaruhusu mguu uingie na kutoka. Hori yenye ukingo wa karibu na kifua hairuhusu mguu kuingia. Hatari iko katikati, sentimita 45 hadi 65 hivi, kimo cha goti. Hapo mguu unaingia kwa urahisi, lakini farasi akishtuka na kuvuta nyuma, goti linagonga ukingo na mguu unanasa. Mahori mengi ya kienyeji yaliyojengwa kwa matofali yako kwenye kimo hichohicho, kwa sababu yalijengwa kwa ajili ya ng'ombe. Ukirithi banda lenye hori kama hiyo, ibomoe au iongeze kimo. Usiiache kwa kuwa eti haijawahi kuleta matatizo.

Zinazopatikana tayari

Hori za plastiki za kona kutoka nje ni nzuri zikiwa nene na kingo zake zimekunjwa. Zibonyeze kwa goti lako dukani: zikijikunja kwako, zitajikunja zaidi kwa mnyama wa kilo 450.

Tairi la trekta lina wapenzi wengi kwa kuwa ni la bei nafuu. Likiwa zima, pana na la chini, linafaa uwanjani kuliko bandani. Lililochakaa huchomoza nyuzi za chuma ambazo huzioni mpaka zimechoma mdomo, na ndani ya mkunjo wake hukusanyika maji na hei iliyooza. Mimi bandani siliweki.

Pipa la plastiki la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu nalo huuzwa kama hori. Uliza lilibeba nini kabla ya kuja kwako. La dawa za kilimo halifai hata likioshwa mara ngapi. Na lile lisilofungwa ukutani hupinduliwa usiku wa kwanza.

Sanduku la chini la mbao nzito, lenye kingo za sentimita 25 hadi 30, ni chaguo zuri kwa farasi mtulivu. Usilifunike kwa wavu kama farasi amepigwa viatu vya chuma, kwa sababu kisigino cha kiatu hunasa kwenye tundu la wavu. Na usikubali kuuziwa kichungi cha vyuma cha kuweka juu ya hei ili ale polepole: meno yatakuwa yanasugua chuma usiku kucha.

Kwa banda la kawaida la Kenya lenye kuta za mawe au mbao imara, naona hori ya kona ndiyo inayofaa zaidi. Ni ubao mmoja mpana unaokata kona ya banda, hei ikiwa nyuma yake sakafuni. Farasi anapitisha shingo juu ya ubao na kula chini. Iliyobaki ni namna ya kuijenga.

Kupima

Msimamishe farasi kwenye saruji iliyo sawa. Pima kutoka chini hadi pale shingo inapokutana na kifua, kisha toa sentimita 20. Hicho ndicho kimo cha ubao. Kwa farasi wa mbio wa kimo cha sentimita 160 utapata karibu 90. Kwa farasi wa polo wa sentimita 152, kama 85. Kwa wale wadogo wenye damu ya Kisomali, 75 au hata chini yake. Kama banda moja hulaza farasi tofauti, fuata mdogo, lakini usishuke kwenye kile kimo cha goti la mkubwa.

Upana: pima sentimita 85 kutoka konani kwenye kila ukuta. Ubao utakaounganisha alama hizo mbili utakuwa na urefu wa sentimita 120. Nimechagua 85 kwa makusudi. Plaiwudi huuzwa kwa futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122, kwa hiyo karatasi moja inatoa mbao mbili za 120 na farasi wawili wanapata hori. Ukipima 90 kwa 90, ubao unafika sentimita 127 na karatasi nzima inatoa hori moja tu. Kwenye banda la mita 3.6 kwa 3.6, kona hiyo inachukua chini ya asilimia 3 ya sakafu, na ikiwa na kimo cha 85 inameza hei ya lita 300. Mgao wa usiku unaingia vizuri ukichambuliwa.

Kona ipi? Ile ya mbele, upande wa ukuta wenye mlango, lakini mbali na mlango wenyewe. Farasi akila akiwa ametazama mbele, saisi anayeingia hakutani na miguu ya nyuma. Isiwe kona moja na ndoo ya maji, maana wapo wanaochovya kila tonge, na ifikapo usiku wa manane maji yamegeuka supu. Na kama ukuta wa kati ni mfupi na jirani ni mgomvi, weka kona ya upande mwingine. Farasi anayetishwa hawezi kula kichwa chini kwa utulivu.

Vifaa

Plaiwudi ya milimita 18 isiyoharibiwa na maji. Boriti moja ya inchi nne kwa nne yenye urefu unaozidi kidogo kimo cha ubao. Mbao ya mbili kwa tatu ya kuimarisha ukingo wa juu. Bomba la maji la plastiki la milimita 90. Bolti za ukutani zile zinazopanuka zikikazwa, sita. Skurubu nene za mbao, sita, na nyingine pamoja na gundi za kufungia ukingo wa juu. Saruji na mchanga kidogo.

Mbao zote ziwe tupu. Usitumie nguzo zilizotiwa dawa ya kijani, kwa kuwa dawa hizo nyingi zina shaba na arseniki, na farasi hutafuna mbao. Mafundi wetu pia wana mazoea ya kupaka oili chafu ya injini ili kuzuia mchwa. Mwambie fundi mapema, tena mbele ya msaidizi wake: hapa hakuna oili. Mbao za saipresi zinaweza kutumika badala ya plaiwudi, zikiwa za inchi moja na nusu, zimepigwa randa na kupangwa bila nafasi, lakini zitatafunwa haraka zaidi.

Kujenga

Anza na sakafu ya ndani ya kona. Piga plasta laini ya saruji yenye mteremko mdogo, sentimita 2 hivi, kutoka konani kuja mbele, ili maji ya kuoshea yatoke yenyewe. Pale kuta mbili zinapokutana, viringisha saruji kwa chupa kusiwe na pembe kali. Nyasi zikiingia kwenye pembe hazitoki, zinaota ukungu. Acha ikauke vizuri. Kama kuta zenyewe ni za mawe yasiyopigwa lipu, zipige lipu hadi kimo cha hori.

Sasa boriti. Mpelekee mwenye msumeno wa mashine aipasue kwa mshazari, kona hadi kona, kwa urefu wote. Utapata vipande viwili vya pembetatu, na kila kimoja kinakaa sawasawa kwenye ile nafasi nyembamba baina ya ukuta na mgongo wa ubao. Vinafanya kazi mbili. Vinaziba pembe kali ambayo pua ya farasi haiifikii na ambayo ingekuwa kiota cha hei mbovu. Na kwa kuwa viko nyuma ya ubao, farasi anapousukuma ubao kwa kifua anazidi kuukandamiza kwenye boriti, si kung'oa skurubu. Fundi atakayetaka kuweka vishikizo upande wa mbele kwa sababu ni rahisi, mzuie. Huko mbele vitakuwa vya kujigonga, na uzito wote utabebwa na skurubu peke yake.

Kata vipande hivyo vifupi kuliko ubao kwa inchi tatu, ili ile mbao ya ukingo wa juu ipate pa kukaa. Viweke ukutani kwa pima maji, kila kimoja na bolti tatu, na vichwa vya bolti uvizamishe kwa patasi kwenye uso utakaofunikwa na ubao. Kama ukuta ni wa mbao, tumia bolti zinazopita mpaka nje, na washa pana au bamba la chuma upande wa pili.

Ubao wenyewe: kata kingo zake mbili za wima kwa mshazari wa nyuzi 45 ili ulale vizuri ukutani, upande mrefu ukimtazama farasi. Funga mbao ya mbili kwa tatu nyuma ya ukingo wa juu, kwa gundi na skurubu. Bila hiyo plaiwudi itapinda katikati. Piga randa na msasa ukingo wote wa juu mpaka uwe mviringo, kisha pasua bomba la plastiki kwa urefu, lilainishe kwa maji ya moto na ulivalishe juu ya ukingo. Koo la farasi litaegemea hapo usiku kucha, kwa hiyo pitisha kiganja chako taratibu mwanzo hadi mwisho. Popote panapokukwaruza patamkwaruza. Bomba pia linamnyima ladha mwenye tabia ya kung'ata mbao, ingawa mwenye ugonjwa wa kung'ata na kumeza hewa atang'ata hata plastiki.

Simamisha ubao ukiacha sentimita moja na nusu kutoka sakafuni, isizidi tatu. Maji yatapita, ukwato hautapita. Kaza skurubu tatu kila upande na uzamishe vichwa vyake. Kisha piga ubao teke la nguvu kwa ndani na kwa nje. Ukicheza kwako, rudi kwenye bolti.

Kumalizia, ingiza kichwa chako ndani ya hori na utazame. Msumari, ncha ya waya, kibanzi kilichochomoza: kutokea juu huvioni, ukiwa ndani unaviona mara moja.

Usiku wa kwanza

Farasi hapendi kuingiza kichwa mahali asipopaona. Kwa siku chache za mwanzo jaza hori mpaka juu, hata kwa kutanguliza robota (furushi la hei lililofungwa) zima chini na hei iliyochambuliwa juu yake, ili aanze kula kwenye usawa wa ukingo. Kila siku punguza. Akishazoea, ondoa robota. Mvue pia ukanda wa kichwani kabla ya kumwacha, kwa kuwa pete zake hupenda kunasa kwenye chochote.

Kiasi: hesabu ya kawaida ni asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wa mwili kwa siku. Farasi wa kilo 450 anahitaji kilo 7 hadi 9 za hei kama hana malisho mengine. Anayeshinda kwenye nyasi nzuri mchana atapunguziwa, lakini usiku usimwache bila kitu cha kutafuna. Pima kwa mizani ya kuning'iniza, si kwa kukadiria kwa mikono, kwa sababu marobota hayalingani. Robota la Boma Rhodes lililokazwa vizuri laweza kuwa na kilo 15, na jirani yake lililolegea likawa na 11.

Robota lina kamba mbili. Saisi akate mbili, ashike mbili mkononi, azitundike msumarini nje ya banda kabla hajamwaga hei. Kamba ya nailoni iliyosahaulika chini ya hori ndefu kama hii haionekani, na ikimezwa huweza kuziba matumbo.

Hei yenye vumbi iloweke dakika 30 na umwage yale maji. Huku kwetu kwenye joto hei iliyolowa huchacha upesi, kwa hiyo iliyolowekwa jioni na kubaki asubuhi ni ya kutupa, hata kama bado inanukia vizuri.

Kwa anayemaliza mgao wake kabla ya saa 6 usiku, tumia wavu wenye matundu ya sentimita 3 hadi 4 ndani ya hori hiyohiyo. Hapa wavu ni salama hata kwa aliyepigwa viatu, kwa kuwa mguu haufiki. Sharti ni ufungwe kwenye pete iliyozamishwa chini kabisa ya kona, kamba ikiwa fupi, asiweze kuuvuta juu ya ukingo na kuutupa sakafuni.

Kila asubuhi

Mabaki yanasimulia. Konzi moja ya vikonyo vigumu ni sawa. Hori nyeupe kabisa, kana kwamba imelambwa, ina maana amekaa na njaa kwa muda, ongeza. Rundo kubwa lililoachwa lina harufu ya ukungu, au farasi ana tatizo la meno, au kuna kitu kimemtisha ndani. Anayedondosha vitonge vya nyasi zilizotafunwa nusu aitiwe daktari wa meno ya farasi kabla hujalaumu hei.

Toa mabaki yote kabla ya kuweka mapya. Kumimina mapya juu ya ya jana ndiko kunakoleta ukungu na panya, na panya wakizoea, nyoka hawako mbali. Vikonyo visivyo na ukungu wapelekee ng'ombe. Mara moja kwa wiki mwaga maji, sugua kwa ufagio mfupi, acha hori ikauke mchana farasi akiwa nje. Mara moja kwa mwezi fungua ubao, ukwangue nyuma yake, angalia kama bomba limepasuka, na ukaze bolti za boriti kabla ya kuurudisha.